Kura yako haisubiri pasipoti

Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoishi Uingereza wana haki ya kuchagua madiwani wa mahali wanapoishi, na karatasi ya kura inaweza kuwafuata nyumbani. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi Mei ndiyo siku ya kawaida ya uchaguzi wa halmashauri nchini Uingereza. Vituo vya kupigia kura hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, lakini siku yenyewe si ya mapumziko. Treni hujaa kama kawaida, watoto hupelekwa shule, na muuguzi aliyepangiwa zamu ndefu ya mchana huwa wodini tangu alfajiri hadi giza liingie. Anayehudumia wazee usiku hurudi nyumbani asubuhi kulala. Dereva wa basi, msafisha ofisi na mwanafunzi anayeuza dukani jioni nao wana ratiba zao. Miongoni mwa hao wamo watu wetu wengi, waliotoka Moshi, Kisumu, Tanga, Mombasa, Unguja na Kampala.

Ukiwauliza kwa nini hawakupiga kura, majibu huwa mawili. La kwanza: mimi si raia wa hapa. La pili: sikupata nafasi ya kufika kituoni. Kwa sehemu kubwa ya watu wetu, yote mawili hayana msingi. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali kupiga kura. Na tangu mwaka 2001, katika England, Scotland na Wales, yeyote aliye kwenye daftari la wapigakura anaweza kuomba aletewe karatasi ya kura kwa posta bila kueleza sababu. Ni Ireland ya Kaskazini pekee ambako mwombaji bado hutakiwa kutoa sababu.

Makala haya ni ya mtu aliyeko Reading, Leicester, Coventry au London ambaye hajawahi kuitumia haki hiyo, na ya ndugu zake walioko nyumbani wanaoweza kumkumbusha.

Nani ana haki

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya ya Madola. Rwanda iliingia mwaka 2009. Raia wa nchi hizo anayeishi Uingereza kwa kibali chochote halali, kiwe cha kazi, cha masomo, cha familia au cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri, na hata ule wa bunge. Haulizwi ameishi huko miaka mingapi, wala hatakiwi kuwa na pasipoti ya Uingereza. Umri ni miaka 18 kwa England. Kwa Scotland na Wales, uchaguzi wa halmashauri unaanzia miaka 16.

Kwa Mkongo na Mrundi hali inategemea anaishi wapi. Nchi zao hazimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiwa England hana kura mpaka apate uraia wa Uingereza. Lakini Scotland na Wales zimebadilisha sheria zao katika miaka ya karibuni, na sasa mgeni wa nchi yoyote mwenye kibali halali anaweza kuchagua madiwani. Wakimbizi wa Kongo waliopokewa Motherwell, Scotland, mwaka 2007 waliletwa na mpango uleule uliowapeleka wenzao katika miji ya England kama Sheffield. Kwa asiyechukua uraia, aliye Motherwell leo anachagua diwani wake, na nduguye wa Sheffield bado anasubiri.

Kwa Mtanzania, jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria za Tanzania hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ndiyo maana wapo wengi walioishi Uingereza miaka mingi, wakazaa na kununua nyumba huko, huku wakiwa bado wameshika pasipoti ya Tanzania. Kura ya Tanzania hawawezi kuipiga wakiwa ughaibuni, kwa sababu hakuna utaratibu wa kupiga kura nje ya nchi. Mkenya ana nafuu kidogo. Mwaka 2022 vituo vilifunguliwa katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, lakini karatasi aliyopewa huko ilikuwa ya rais peke yake; uchaguzi wa gavana na mwakilishi wa wadi ulibaki mikononi mwa waliokuwa nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo, kura ya diwani wa Uingereza ndiyo nafasi pekee aliyo nayo ya kusema neno kuhusu shule, barabara na kodi za mahali anapolala na kuamka.

Haki hii ilitoka wapi

Kura ya posta ilianza Uingereza mwaka 1918 kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa mbali na makwao. Katika uchaguzi wa mwaka 1945, watu walipiga kura Julai 5 lakini matokeo hayakutangazwa mpaka Julai 26, kwa sababu kura za wanajeshi waliotawanyika duniani zilikuwa zinasubiriwa. Sheria ya mwaka 1948 ikawafungulia mlango raia wa kawaida waliokuwa wagonjwa au waliobanwa na kazi, na baada ya nusu karne sharti la kutoa sababu likaondolewa.

Mwaka huo wa 1945, askari wa Kiafrika wa King's African Rifles walikuwa wametoka kupigana Burma kwa niaba ya Uingereza. Ofisa Mwingereza aliyewaongoza alikuwa na utaratibu wa kupiga kura akiwa vitani. Askari aliyetembea naye msituni, kutoka Machakos au Songea, hakuwa na kura popote. Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, tena kwa masharti ya elimu na mali. Tanganyika ilifuata mwaka 1958 kwa uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Kura aliyo nayo Mkenya au Mtanzania wa Uingereza leo imetokana na historia hiyohiyo. Himaya iliwahesabu watu wa makoloni kuwa chini ya taji lake, na makoloni yalipopata uhuru, wananchi wa Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza waliachiwa haki ya kupiga kura. Yule askari hakuipata. Mjukuu wake anayo, na ni haki yake kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo asione haya kuitumia.

Kwa nini diwani

Wengi wetu tunaufuatilia uchaguzi wa bunge na kuupuuza wa halmashauri, ilhali halmashauri ndiyo inayogusa maisha ya kila siku. Ndiyo inayopanga kiwango cha kodi ya halmashauri ambayo bili yake huingia kila mwaka kuelekea Aprili. Ndiyo inayozoa taka, kutunza barabara za mitaa, kuendesha maktaba, kugawa nafasi za shule, kutoa nyumba za umma, kukagua nyumba za kupanga zilizojaa unyevu na ukungu, na kuamua kama jumuiya yenu itapewa kibali cha kugeuza ghala kuwa msikiti au kanisa. Huduma kwa wazee na walemavu, ambamo watu wetu wengi wameajiriwa, nayo iko chini ya halmashauri.

Na kura chache zinatosha. Kwa kawaida ni kama theluthi moja tu ya walioandikishwa wanaojitokeza katika uchaguzi wa madiwani. Mwaka 2017, katika kata ya South Blyth, kaunti ya Northumberland, wagombea wawili walifungana kura na mshindi akapatikana kwa kuvuta vijiti. Aliyeshindwa alikuwa wa chama cha Conservative, na kwa kijiti hicho chama chake kikakosa kiti kimoja cha kukipa wingi katika halmashauri nzima. Familia moja ya Kitanzania yenye wapigakura watatu ingetosha kuamua nani aongoze kaunti.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wetu wa Uingereza wamelima kwa muda mrefu: wamelipa kodi, wameuguza wagonjwa wa nchi hiyo, wamewaogesha na kuwalisha wazee wake. Mwenye jembe ana haki ya kuulizwa shamba lipandwe nini.

Kwanza, jiandikishe

Huwezi kuomba kura ya posta kama jina lako halimo kwenye daftari. Kujiandikisha hufanyika mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uingereza, bila malipo, na huchukua dakika chache. Utatakiwa kuweka jina kamili, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia wako, na namba ya Bima ya Taifa, ileile inayoandikwa kwenye hati yako ya mshahara. Usiogope kuandika kwamba wewe ni Mtanzania au Mkenya. Kuandika ukweli ndiko kunakokulinda, na kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai.

Mambo matatu huwakwaza watu wetu hapa. La kwanza ni majina. Kama kwenye mshahara umeandikwa kwa majina matatu na huku ukajiandikisha kwa mawili, au jina la baba likageuzwa kuwa la ukoo, taarifa zinaweza kutopatana na utaandikiwa barua ya kutakiwa kuleta vielelezo. Andika jina kama lilivyo katika kumbukumbu za serikali. La pili ni kuhama. Daftari linafuata anwani, kwa hiyo ukihama nyumba, jiandikishe upya. La tatu ni nyumba za kushirikiana, ambako barua ya halmashauri ya kuthibitisha wakazi huangukia mlangoni na kila mmoja akadhani ni ya mwenzake. Jiandikishe mwenyewe, usingoje kuandikishwa na mwenye nyumba.

Mwanafunzi ana faida zaidi. Kama ana makazi ya chuoni na makazi mengine katika eneo la halmashauri tofauti, anaweza kuandikishwa kote kuwili na kuchagua madiwani kote kuwili. Katika uchaguzi mkuu wa bunge, hata hivyo, ni kura moja tu.

Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi.

Kisha, omba kura ya posta

Tangu Oktoba 31, 2023, maombi ya kura ya posta kwa uchaguzi wa halmashauri za England yanaweza kufanywa mtandaoni. Anayependelea karatasi anaweza kuomba fomu katika ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yake. Kwa Scotland na Wales taratibu zinatofautiana kidogo, na ofisi ya uchaguzi ya eneo lako ndiyo itakayokupa fomu inayofaa.

Utatakiwa tena kutoa namba ya Bima ya Taifa na tarehe ya kuzaliwa, pamoja na saini. Kwa njia ya mtandao, saini huandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, ikapigwa picha kwa simu na kupakiwa. Usiifanye kwa haraka. Saini hiyo ndiyo italinganishwa na ile utakayoweka siku ya kupiga kura, na zikipishana kura yako haitahesabiwa. Wapo waliozoea kuandika jina zima benki na herufi mbili kazini. Chagua saini moja, iandike kama unavyoiandika siku zote, na ihifadhi ile picha kwenye simu yako. Asiyeweza kutia saini, au asiyeweza kuirudia kwa namna ileile kwa sababu ya ulemavu au kutojua kuandika, anaweza kuomba asamehewe sharti hilo. Haki yake haipotei.

Maombi lazima yafike kabla ya saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Mei 7, 2026, ambao unahusu pamoja na mengine halmashauri zote 32 za mitaa ya London, hesabu hiyo inaangukia Aprili 21, na mwisho wa kujiandikisha ni Aprili 20. Kwa hiyo anayesubiri mpaka mabango ya wagombea yajae madirishani anajiweka pabaya.

Kwa England, unaweza kuomba kwa uchaguzi mmoja au kwa kipindi kirefu kisichozidi miaka mitatu. Zamani ombi lilidumu mpaka ulifute, na wapo wanaodhani bado liko hivyo. Halmashauri ikikuandikia kwamba muda wako unakwisha, omba tena. Elewa pia kwamba ukishapewa kura ya posta, hutapewa karatasi nyingine ukienda kituoni. Unachoweza kufanya kituoni siku hiyo ni kukabidhi bahasha yako iliyofungwa.

Kuna nafuu moja inayowahusu sana wageni. Tangu Mei 2023, anayepiga kura kituoni katika uchaguzi wa halmashauri za England lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha kilicho katika orodha iliyokubaliwa. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola imo katika orodha hiyo. Lakini ambaye pasipoti yake iko ubalozini ikifanyiwa upya, au iko kwa mwanasheria, anaweza kukwama mlangoni. Anayepiga kura kwa posta haonyeshi kitambulisho hicho. Saini na tarehe ya kuzaliwa vinatosha.

Bahasha inapofika

Bahasha ya kura huingia mlangoni wiki moja au mbili kabla ya uchaguzi. Ndani yake utakuta maelekezo, karatasi ya kura, tamko la mpigakura, bahasha ndogo yenye herufi A na bahasha kubwa zaidi yenye herufi B. Kabla hujagusa kalamu, vitandaze vyote mezani na uhakikishe hakuna kilichokosekana. Kikikosekana kimoja, piga simu halmashauri.

Anza na tamko. Lina visanduku vya tarehe ya kuzaliwa na nafasi ya saini. Hapa ndipo kura nyingi hufia, na sababu ni ndogo ajabu: mtu anaandika tarehe ya siku hiyo badala ya tarehe aliyozaliwa. Andika siku, kisha mwezi, kisha mwaka wa kuzaliwa kwako. Saini iwe ndani ya kisanduku, isikatishe mistari.

Sasa karatasi ya kura. Kwa England unaweka alama ya X katika kisanduku kilicho mkabala na jina la mgombea. Lakini soma mstari wa juu kwanza, kwa sababu kata nyingi, hasa London, huchagua madiwani wawili au watatu kwa mpigo. Ukiambiwa usichague zaidi ya watatu, unaweza kuweka alama tatu, mbili, au moja tu. Ukiweka nne, karatasi yote imeharibika. Kwa Scotland hakuna X. Unapanga wagombea kwa namba: 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea mpaka utakapoona inatosha. Popote ulipo, usiandike jina lako, usitie saini na usiweke ujumbe kwenye karatasi ya kura, maana alama yoyote inayoweza kukutambulisha huibatilisha.

Ikunje karatasi ya kura, itie katika bahasha A peke yake, uifunge. Kisha bahasha A pamoja na tamko vitie katika bahasha B, anwani ya halmashauri ikionekana, uifunge. Haihitaji stempu ukiiposti ndani ya Uingereza.

Mkiwa wapigakura wawili au zaidi nyumbani, kila mmoja afungue na kufunga vyake kabla mwenzake hajaanza. Mume akitia saini tamko la mke kwa bahati mbaya, kura zote mbili ziko hatarini. Na ukikosea kabla hujaituma, usifute wala usichore juu yake ovyo. Irudishe bahasha yote halmashauri uombe nyingine. Iliyoharibika hubadilishwa mpaka saa kumi na moja jioni ya siku ya uchaguzi, na ambaye bahasha yake haikufika anaweza kupewa ya pili kuanzia siku nne za kazi kabla ya uchaguzi.

Siri ni yako, na ulinzi ni wako

Kituoni, siri ya kura inalindwa na serikali: kuna kibanda, kuna wasimamizi, na hakuna anayeruhusiwa kukuchungulia. Nyumbani kazi hiyo unaachiwa wewe. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote kuhusu kura ya posta, na ndilo linalozungumzwa kidogo mno katika jumuiya zetu.

Uingereza yenyewe imelipa gharama ya kulisahau. Katika uchaguzi wa halmashauri ya Birmingham wa mwaka 2004, kura za posta zilichezewa katika kata za Bordesley Green na Aston, na mwaka 2005 mahakama ya uchaguzi ikafuta matokeo ya kata zote mbili. Mwaka 2006 bunge likapitisha sheria iliyoleta sharti la saini na tarehe ya kuzaliwa. Na tangu Mei 2024, mtu anayefanyia kampeni chama au mgombea haruhusiwi kushika kura ya posta ya mtu mwingine, isipokuwa ya ndugu zake wa karibu au ya anayemhudumia.

Kwa hiyo akibisha hodi mtu mwenye beji ya chama, hata akiwa mtu wa nyumbani, hata akikuita dada au mzee wangu, hata akisema anakusaidia tu kuipeleka posta, mwambie asante kisha uipeleke mwenyewe. Usimpe bahasha iliyo wazi, na usimpe iliyofungwa.

Ulinzi huo unahusu pia ndani ya nyumba. Tumelelewa kuheshimu wakubwa, na ni jambo jema. Lakini kura haimo katika mambo ya kuamuliwa na mkubwa. Baba mwenye nyumba hana mamlaka ya kukusanya bahasha za familia na kuzijaza kwenye meza ya chakula, na kiongozi wa dini hana mamlaka ya kutaka aonyeshwe karatasi kabla haijafungwa. Mke ana kura yake, binti wa miaka 18 ana yake, na bibi asiyejua Kiingereza ana yake. Bibi huyo anaweza kusomewa maelekezo na kutafsiriwa majina. Chaguo linabaki lake. Anayemlazimisha mwingine katika kura anatenda kosa la jinai, hata kama ni mzazi wake.

Kama nyumbani hakuna faragha, kama kuna mtu wa kukusimamia kichwani, basi kura ya posta haikufai. Ombi la posta linaweza kufutwa kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Lifute, uende kituoni. Huko utakuwa peke yako ndani ya kibanda.

Irudi kwa wakati

Kura ya posta lazima iwe imefika kabla ya saa nne usiku ya siku ya uchaguzi. Tarehe ya muhuri wa posta haisaidii. Kinachohesabiwa ni kufika. Ukishaijaza, itie katika sanduku jekundu la posta siku hiyohiyo au kesho yake.

Siku zikikubana, usiiposti. Siku ya uchaguzi unaweza kuipeleka kwa mkono katika kituo kilicho ndani ya eneo lako la uchaguzi, au kuikabidhi kwa mfanyakazi wa halmashauri ofisini. Kwa England utajazishwa fomu fupi ya jina na anwani. Unaweza kupeleka yako na za watu wengine wasiozidi watano. Usiitumbukize tu katika sanduku la barua la halmashauri au kuiacha mezani ukaondoka, kwani kura iliyoachwa bila fomu haihesabiwi.

Wengine huuliza kama kura za posta huhesabiwa kweli. Bahasha zikifika, maofisa hulinganisha saini na tarehe ya kuzaliwa ya kila tamko na zile zilizo katika kumbukumbu, mbele ya mawakala wa wagombea wanaotaka kuhudhuria. Karatasi za kura hutolewa zikiwa zimefunikwa kifudifudi na kutunzwa kwenye masanduku yaliyofungwa kwa lakiri. Hazihesabiwi mpaka vituo vyote vifungwe, ndipo huchanganywa na zilizopigwa vituoni. Kura ikikataliwa kwa sababu saini au tarehe havikupatana, mpigakura huandikiwa barua baada ya uchaguzi aelezwe tatizo, asirudie kosa mara ya pili.

Ukiwa safarini

Kuna anayekuja Dar es Salaam kwa msiba na anayekwenda Mombasa kwa harusi, na Mei haimsubiri yeyote. Karatasi ya kura inaweza kutumwa nje ya Uingereza, lakini kwenda na kurudi kwa posta ndani ya wiki mbili ni jambo la kubahatisha. Kwa msafiri, njia ya uhakika zaidi ni kumteua mtu unayemwamini akupigie kura kituoni kwako. Sheria inaruhusu. Lazima awe mwenye haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo, na atakapokwenda kituoni England ataonyesha kitambulisho chake yeye, si chako. Maombi hufungwa saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi. Ukipatwa na ugonjwa wa ghafla au dharura ya kikazi baada ya hapo, unaweza kuomba kwa dharura mpaka saa kumi na moja jioni ya siku yenyewe. Mteue anayejua kutunza siri na atakayetii uliyomwagiza.

Kazi ya jumuiya

Vyama vya Watanzania, Wakenya na Waganda katika miji ya Uingereza vinajua kuchanga kwa msiba, kuandaa sherehe za uhuru na kufundisha watoto Kiswahili siku za Jumamosi. Vinaweza pia, kila Februari, kutenga saa moja ya mkutano kwa ajili ya daftari la wapigakura: simu mkononi, namba ya Bima ya Taifa karibu, kalamu nyeusi na karatasi nyeupe mezani. Kazi hiyo haina chama. Mmoja ataipa kura Labour, mwingine Conservative, mwingine Green, na hakuna haja ya kuulizana.

Diwani huzitazama orodha. Anajua ni mitaa ipi yenye wapigakura na ni ipi isiyo nao, na wakati wa bajeti anajua pia ni wapi lawama zitamgharimu kiti. Jumuiya isiyo kwenye daftari inaweza kulalamika kuhusu taka, ukungu ukutani na foleni ya nyumba za halmashauri miaka kumi bila kusikilizwa. Iliyomo husikilizwa mapema zaidi, kwa sababu ya hesabu tu.

Jiandikishe wiki hii, omba bahasha, na umfundishe mmoja wa jirani zako.